Nyasi Zilizoliwa: Jinsi Nchi Isiyoegemea Upande Inavyoingizwa Vitani, kwa Mifano ya Afrika Mashariki na Mji wa Isiolo

IKISIRI

Makala hii inachunguza jinsi nchi ambayo haikuchagua upande inavyojikuta ndani ya vita vikubwa vya mataifa ya viwanda. Mifano imetolewa katika bonde la Kongo, Msumbiji na Kenya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha katika mji wa Isiolo kati ya mwaka 1936 na 1941. Hoja kuu ni kwamba vita huingia katika nchi ya namna hiyo kwa milango mitatu: karatasi isiyo na mlinzi, njia inayohitajiwa na wapiganaji, na mgongo wa mtu wa kubeba. Kwa kuzingatia hoja hiyo, makala inaihakiki upya methali ya fahali wawili na nyasi, na kupendekeza kazi inayowasubiri wanafunzi wa Kiswahili katika maeneo ya kaskazini mwa Kenya.

1.0 UTANGULIZI

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika madarasa yetu methali hii hufasiriwa kwa wepesi: wakubwa wakigombana, wanyonge huumia. Fasiri hiyo si potofu, lakini ina upungufu. Inachukulia kwamba nyasi zilikuwa mahali pale kwa bahati mbaya tu, na kwamba fahali hawakuwa na haja nazo. Kwamba lau wangepigania mahali pengine, nyasi zingesalimika. Mfugaji yeyote wa Isiolo anajua kwamba fahali halikanyagi nyasi tu. Fahali hula nyasi. Bila nyasi hana nguvu ya kupigana.

Tofauti hii kati ya kukanyaga na kula ndiyo kiini cha makala haya. Vita vya viwanda, yaani vita ambavyo silaha, meli, reli na risasi hutengenezwa kwa wingi na mashine, ni vita vyenye njaa kubwa. Huhitaji makaa ya mawe, bandari, barabara, nafaka, ng'ombe na watu. Kadiri vinavyoendelea ndivyo vinavyomaliza vya wenyewe na kutazama vya jirani. Kwa hiyo swali la kuuliza si kwa nini nchi isiyo na ugomvi iliguswa na vita. Swali ni hili: ilikuwa na kitu gani ambacho wapiganaji hawangeweza kupigana bila hicho?

2.0 DHANA NA ISTILAHI

Kabla ya kuendelea ni muhimu kutenganisha istilahi tatu ambazo mara nyingi huchanganywa katika maandishi ya Kiswahili. Ya kwanza ni kutoegemea upande. Hii ni hali ya kisheria ya nchi wakati vita vinapiganwa: haisaidii upande wowote, na pande zote zinapaswa kuiheshimu. Ya pili ni kutofungamana na upande wowote. Huo ni msimamo wa kisiasa hata wakati wa amani, na ndio ambao mataifa mengi ya Afrika, Kenya ikiwemo, yaliukubali baada ya uhuru. Ya tatu ni kutopigana kwa sasa, yaani hali ya nchi ambayo moyo wake uko upande mmoja lakini bado haijachukua silaha. Italia ilikuwa katika hali hii ya tatu tangu Septemba 1939 hadi Juni 1940.

Katika hali ya kwanza haki huandamana na wajibu. Kwa mujibu wa mkataba wa Hague wa mwaka 1907, ardhi ya nchi isiyoegemea upande haivunjiwi heshima, na wapiganaji hawaruhusiwi kupitisha majeshi au shehena zao za vita humo. Wakati huohuo nchi hiyo inawajibika kuwazuia, na askari wakiingia kwake inapaswa kuwaweka kizuizini mbali na mapigano. Kwa maneno mengine, sheria inamtambua jirani mwema kwa uwezo wake wa kufunga mlango. Asiye na komeo, wema wake haumkingi.

3.0 MLANGO WA KWANZA: KARATASI ISIYO NA MLINZI

Wengi wetu tunaujua Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 kama mkutano wa kuigawa Afrika. Linalosahauliwa ni kwamba mkataba wake mkuu uliotiwa sahihi tarehe 26 Februari 1885 ulikuwa na sura kuhusu kutoegemea upande. Sura hiyo ilihusu eneo lililoitwa bonde la Kongo kwa makubaliano. Neno hilo “kwa makubaliano” lina uzito, kwani eneo lenyewe lilinyooshwa mashariki kupita bonde halisi la mto hadi Bahari ya Hindi, kuanzia nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta hadi mlango wa mto Zambezi. Ndani yake ziliingia nchi ambazo leo ni Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na sehemu kubwa ya Kenya. Isiolo, iliyo chini ya nyuzi moja kaskazini mwa ikweta, imo ndani kabisa. Hata Moyale imo.

Mkataba ulisema nini? Ulisema kwamba dola inayotawala katika eneo hilo inaweza kulitangaza kuwa lisiloegemea upande, na nyingine ziliheshimu. Iwapo dola yenyewe imo vitani, makoloni yake katika bonde yanaweza kuwekwa nje ya vita, ila kwa ridhaa ya pande zote zinazopigana. Hapo ndipo palipokuwa na ufa. Ulinzi wa mkondoo ulitegemea ridhaa ya mbwamwitu wawili kwa wakati mmoja.

Agosti 1914 ufa huo ulionekana. Katika koloni la Ujerumani, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lake libaki nje ya vita. Kamanda wa majeshi yake, Paul von Lettow-Vorbeck, aliona kinyume: koloni lipigane ili kuwavuta askari wa Uingereza mbali na medani za Ulaya. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mizinga mtambo wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Maafisa wa pande mbili wakapatana kwamba miji ya Dar es Salaam na Tanga isishambuliwe zaidi, lakini wakuu wa jeshi la wanamaji huko London hawakuyakubali mapatano hayo. Wiki moja baadaye, tarehe 15 Agosti, Wajerumani waliiteka Taveta. Mwanzoni mwa Novemba Waingereza waliteremsha Tanga jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, nao wakashindwa na kikosi kidogo cha Lettow-Vorbeck.

Tazama kilichopigwa kwanza: mtambo wa simu ya upepo. Haukuwa ngome wala kambi. Ulikuwa chombo cha kuziongoza meli za kivita baharini. Koloni lililotaka kukaa kando lilikuwa tayari limeshika kiungo kimoja cha mwili wa vita, na kiungo hicho kikaleta mizinga. Schnee alikuwa na karatasi. Dar es Salaam ilikuwa na mlingoti. Kilichoamua ni mlingoti.

4.0 MLANGO WA PILI: NJIA

4.1 Ziwa Tanganyika

Ubelgiji ilikuwa nchi isiyoegemea upande kwa mkataba wa London wa 1839. Tarehe 4 Agosti 1914 Ujerumani iliivamia, si kwa ugomvi na Wabelgiji bali kwa sababu nchi yao ilikuwa njia ya mkato kuelekea Ufaransa. Hata baada ya kuvamiwa nyumbani, serikali ya Ubelgiji ilijaribu kuiweka Kongo nje ya vita kwa kuutumia mkataba wa Berlin. Uingereza haikukubali.

Wajerumani nao hawakungoja. Upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika walikuwa na reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka huohuo wa 1914. Aliyelitawala ziwa angeweza kusafirisha majeshi kutoka kaskazini hadi kusini kwa siku chache, badala ya wiki nyingi za mguu. Tarehe 22 Agosti meli yao Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune huko Lukuga, mahali ambapo leo ni Kalemie. Kongo ikawa imeingia vitani.

Kilichofuata ni mfano bora wa vita vya viwanda katikati ya Afrika. Meli kubwa Graf von Goetzen, iliyotengenezwa Ujerumani, ililetwa vipande vipande kwenye makasha, ikasafirishwa kwa reli, ikaungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza wakajibu kwa kuzileta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, ambazo ziliburutwa nchi kavu kupitia Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli Kingani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Mwaka huohuo majeshi ya Kongo yakavuka mashariki na kuiteka Tabora mwezi Septemba. Koloni lililoombewa kukaa nje ya vita sasa lilikuwa likiteka miji ya jirani, na baada ya vita Ubelgiji ikapewa Rwanda na Burundi. Goetzen, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe walipokimbia, iliibuliwa baadaye na kuitwa Liemba, jina ambalo wasafiri wa ziwa hilo wanalijua vyema.

4.2 Meli za Lisbon na mto Ruvuma

Ureno haikuingia vitani mwaka 1914. Hata hivyo, mwezi Agosti mwaka huo kikosi cha Wajerumani kilishambulia kituo cha Wareno cha Maziwa, kando ya mto Ruvuma. Ureno ilituma askari Msumbiji, lakini haikutangaza vita. Kilichoivunja hali hiyo kilitokea mbali sana na Ruvuma.

Manowari za chini ya maji za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli nyingi za mizigo, na Uingereza ikawa na upungufu wa vyombo. Bandarini Lisbon kulikuwa na meli za biashara za Kijerumani zilizokimbilia huko vita vilipoanza. Uingereza iliiomba Ureno izichukue, nayo ikafanya hivyo Februari 1916. Tarehe 9 Machi Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Ureno, na mwezi uliofuata Wareno wakaiteka Kionga, kusini mwa mlango wa Ruvuma.

Mkulima wa Kimakonde au Kimakua hakuwa na habari ya meli zilizofungwa gati Lisbon. Hata hivyo, ndizo zilizomwandikia hatima. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuwashinda Wareno Ngomano, na kwa miezi mingi jeshi lake likazunguka Msumbiji likiishi kwa chakula cha wenyeji. Mwaka huohuo watu wa Barue, katika bonde la Zambezi, waliasi, na miongoni mwa sababu za uasi wao ni kukamatwa kwa vijana wao kuwa wapagazi wa vita. Hapa methali yetu inaonyesha maana yake ya pili: nyasi ziliumia kwa kuliwa.

5.0 MLANGO WA TATU: MGONGO

Nchi huweza kuwa upande fulani kwa amri ya watawala huku watu wake wakiwa hawana upande wowote. Ndivyo ilivyokuwa Kenya. Mkamba, Mjaluo, Mkikuyu au Mgiriama wa 1914 hakuwa na ugomvi na Mjerumani, na hakuulizwa. Aliingizwa vitani kwa sababu moja kubwa: mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kuvuta magari walikufa kwa maelfu katika mbuga zenye mbung'o, magari ya injini yalikwama matopeni, na reli haikufika kila mahali. Mzinga uliotengenezwa kiwandani Ulaya ulifika Mombasa kwa meli na Voi kwa treni. Kutoka hapo ulihitaji kichwa cha mtu.

Hesabu yake ni chungu. Mpagazi alibeba takriban kilo 25 na alihitaji karibu kilo moja ya posho kila siku. Akibeba chakula tu, baada ya siku 25 atakuwa ameumaliza mzigo wake mwenyewe bila askari kuonja hata punje, na hapo bado hajarudi. Hivyo kila mpagazi wa risasi alihitaji wapagazi wa kumlisha, na hao nao wakahitaji wengine. Vita vilivyosogea mbali na reli viliongeza wapagazi kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha. Ndiyo sababu mwaka 1915 serikali ya koloni ilitunga sheria ya kuwalazimisha watu, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa uliosimamiwa na John Ainsworth. Kwa jumla inakadiriwa kwamba upande wa Waingereza ulitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi mbalimbali, na vifo vilivyohesabiwa rasmi vinakaribia 95,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa.

Kiswahili kimeitunza kumbukumbu hiyo ndani ya neno moja. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza liligeuzwa na ndimi zetu likawa Kariakoo, na hivi leo ni soko na mtaa Dar es Salaam, na kwa umbo la Kariokor ni mtaa Nairobi. Wanunuzi wa nguo na nyanya hulitamka kila siku bila kujua kwamba wanataja jeshi la watu waliobeba vita visivyo vyao.

6.0 ISIOLO: MILANGO YOTE MITATU MAHALI PAMOJA

Isiolo inafaa kuwa mfano wa kufungia uchunguzi huu kwa sababu milango hiyo mitatu inakutana hapo. Mji wenyewe una asili ya vita: miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo ni Wasomali wa koo za Isaaq na Harti waliowahi kutumikia majeshi ya Uingereza na kupewa makazi hapo baada ya Vita vya Kwanza. Walikaa pamoja na Waborana, Wasamburu, Wameru na Waturkana kwenye ukingo ambapo nyanda za juu zinakwisha na nyika ya kaskazini inaanza.

Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia. Uingereza haikuwa mpiganaji. Kupitia Umoja wa Mataifa ya wakati huo iliiwekea Italia vikwazo, lakini mafuta hayakuguswa na Mfereji wa Suez haukufungwa, hivyo meli zilizobeba majeshi ya Mussolini ziliendelea kupita. Tunajifunza hapo kwamba kukaa kando si kukaa katikati. Asiyefunga njia amemsaidia mwenye safari.

Baada ya Mfalme Haile Selassie kuondoka nchini mwake Mei 1936, wakimbizi wa Kiethiopia, pamoja na askari wa Eritrea waliotoroka jeshi la Italia, walivuka mpaka na kuingia Kenya. Waliwekwa katika kambi Isiolo kabla ya kuhamishiwa Taveta. Kambi hiyo ilikuwa sura ya kutoegemea upande kama sheria inavyotaka: aliyekuja na silaha alinyang'anywa, akalishwa na kuwekwa chini ya ulinzi, asije akarudi kupigana akitokea katika ardhi ya nchi isiyo vitani.

Tarehe 10 Juni 1940 Italia ilitangaza vita dhidi ya Uingereza na Ufaransa. Siku hiyo maana ya kila kitu Isiolo iligeuka ingawa vitu vyenyewe havikusogea. Wakimbizi waliokuwa mzigo wa kidiplomasia wakawa hazina, na baadhi ya waliohifadhiwa Kenya waliandikwa katika vikosi vya Kiethiopia vilivyokwenda kuikomboa nchi yao. Njia ya kwenda Marsabit na Moyale, yenye urefu wa takriban kilomita 500 kutoka Isiolo, ikawa njia ya jeshi. Reli iliishia Nanyuki. Kuanzia hapo malori yaliteremka Isiolo na kuingia nyikani. Julai 1940 Waitalia waliiteka Moyale. Wahandisi wa Afrika Kusini walichimba visima na kutengeneza barabara, na Februari 1941 majeshi yaliyokwenda kwa njia hiyo yaliiteka Mega na kuirudisha Moyale. Tarehe 5 Mei 1941 Haile Selassie alirejea Addis Ababa.

Kwa Mborana ambaye malisho yake yalikuwa pande zote mbili za mpaka, vita hivi havikuwa na upande wa nyumbani. Ndugu zake walikuwa chini ya Mwitalia, na yeye chini ya Mwingereza. Kisima alichonyweshea kikawa kituo cha jeshi. Hakuhama kwenda vitani. Vita vilihamia kisimani kwake.

7.0 LUGHA NA KUMBUKUMBU

Fasihi ya Kiswahili haikunyamaza kuhusu vita vya dunia. Shaaban Robert aliviandikia vita vya pili kazi ndefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945. Mjini Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, ipo sanamu ya askari na mpagazi yenye maandishi ambamo Kiswahili kimo. Lakini sauti ya mtu wa kisimani, yule ambaye hakuwa na upande, haisikiki sana. Utenzi una shujaa na adui. Mpagazi hakuwa mmojawapo.

Jambo hili si la makumbusho peke yake. Archers Post, safari fupi kaskazini mwa Isiolo, kumekuwa na uwanja wa mazoezi ya kijeshi, na mabomu yaliyoachwa ardhini bila kulipuka yaliwaua na kuwalemaza wafugaji na watoto wao. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa walalamikaji 228 wa Archers Post na Dol Dol jumla ya pauni milioni 4.5. Hapakuwa na vita hapo. Palikuwa na ardhi iliyohitajiwa kwa maandalizi ya vita vya mahali pengine. Mwaka 2024 Marekani iliipa Kenya hadhi ya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO. Mwenye kuisoma historia ya Dar es Salaam ya 1914 hawezi kupita habari kama hiyo bila kuuliza: mlingoti uko wapi, na ni wa nani?

8.0 HITIMISHO

Tumeona kwamba Kongo iliingia vitani kwa sababu ya ziwa, Msumbiji kwa sababu ya meli zilizokuwa Lisbon, Kenya kwa sababu ya vichwa vya watu wake, na Isiolo kwa sababu ya barabara, kisima na kambi. Hakuna hata mahali pamoja ambapo wakazi walikaa wakajadili na kuchagua adui. Karatasi ya Berlin iliwataja bila wao kujua, na ikachanika bila wao kuulizwa.

Kwa hiyo methali isitupwe, bali ifundishwe kwa ukamilifu. Mwalimu anapoifasiri, aongeze swali: je, fahali walizihitaji nyasi hizo? Swali hilo linamwondoa mnyonge katika nafasi ya mtazamaji aliyekanyagwa kwa bahati na kumrudisha katikati ya hesabu ya vita. Anayejua kwamba kitu chake kinahitajiwa anaweza angalau kuuliza bei, kudai mkataba wenye mlinzi, au kukataa.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka Isiolo, Marsabit na Moyale, kazi ipo karibu. Walioona malori ya 1940 wamebaki wachache mno, kama wapo, lakini watoto na wajukuu wao wanayo masimulizi: majina ya visima, ya vilima palipopigwa kambi, ya barabara zilizochimbwa na askari. Masimulizi hayo yako katika Kiborana, Kisomali, Kisamburu na Kimeru, na yanahitaji kurekodiwa kwa lugha ya wenyewe na kufasiriwa kwa Kiswahili kabla hayajafuata waliotangulia. Historia ya fahali imeandikwa mara nyingi. Ya nyasi ingali inasimuliwa vibarazani na kando ya visima.